Filamu uliyonunua ni nzima au imekatwa?

Na Mwandishi Wetu

MUUZA kanga hahitaji kufundishwa kwamba pindo ni sehemu ya nguo. Mpelekee doti iliyokatwa pindo pande mbili, umweleze kwamba mji upo na jina linasomeka, atakurudishia mzigo wako hapo hapo. Lakini muuza kanga huyo huyo akirudi nyumbani jioni, huenda akakaa mbele ya runinga na kutazama filamu iliyokatwa ubavu wa kulia na wa kushoto, akaifurahia, akalala bila kujua kwamba karibu nusu ya picha haikumfikia.

Hali hiyo imewakuta wengi. Waliorejea nyumbani kutoka Ulaya na Marekani walikuja na masanduku ya kanda na DVD. Wafanyabiashara wa mipakani nao kwa miaka mingi wamevusha deki, runinga na diski kwa katoni. Katika biashara hiyo kuna lalamiko ambalo muuzaji yeyote wa filamu analijua: mteja anaweka diski, anaona mistari miwili myeusi, mmoja juu na mwingine chini, anairudisha dukani akidai ameuziwa mali mbovu. Anabadilishiwa, anapewa nyingine inayojaza kioo chote, anaondoka ameridhika.

Ukweli ni kwamba mara nyingi diski aliyoirudisha ndiyo iliyokuwa nzima, na aliyoondoka nayo ndiyo iliyokatwa. Mistari ile myeusi haikuficha kitu. Iliwekwa ili picha pana iingie yote kwenye kioo kisicho na upana wa kutosha, bila kupoteza chochote pembeni.

Suala hili linaonekana dogo, lakini limempeleka mwongozaji mkubwa wa Hollywood mahakamani, limefanya barua ya mwaka 1975 itafutwe na kuchapishwa upya, na hadi leo linawagawa wapenzi wa filamu. Kwa mnunuzi na muuzaji, maana yake ni moja: unalipia nini, na unapewa nini?

Umbo lilikotoka

Tangu enzi za filamu zisizo na sauti, picha ya sinema ilikaribia mraba. Ukipima upana wake ukapata nne, kimo chake ni tatu, yaani upana ni mara 1.33 ya kimo. Mwaka 1932 Hollywood ilikubaliana juu ya kipimo cha 1.37, tofauti ambayo jicho la kawaida halioni. Runinga ilipokuja ikachukua umbo hilo hilo la nne kwa tatu. Kwa hiyo mwanzoni hapakuwa na ugomvi: filamu ya zamani iliingia kwenye runinga kama mguu kwenye kiatu chake.

Ugomvi ulianza katika miaka ya 1950. Wamarekani walikuwa wameanza kubaki nyumbani na runinga zao, na majumba ya sinema yakawa yanapoteza watu. Makampuni ya filamu yakatafuta kitu ambacho kile kisanduku cha sebuleni kisingeweza kukitoa, na jibu lilikuwa upana. Septemba 1953 kampuni ya Twentieth Century Fox ilitoa filamu ya The Robe kwa mfumo wa CinemaScope. Lenzi maalumu ilibana picha pana ikaingia kwenye mkanda wa kawaida, kisha lenzi nyingine kwenye projekta ikaitanua tena ukutani. Upana ukafika mara 2.55 ya kimo, na baadaye mfumo huo ukatulia kwenye 2.35 hivi.

Filamu ambazo hazikutumia lenzi hiyo nazo zilipanuliwa kwa njia rahisi zaidi. Fundi wa projekta alifunika sehemu ya juu na ya chini ya picha, ikabaki 1.85 kwa Marekani na mara nyingi 1.66 kwa Ulaya. Wapo waliokwenda mbali zaidi: Ben-Hur ya mwaka 1959, ile yenye mashindano ya magari ya farasi, ilifika 2.76.

Kichekesho ni kwamba filamu hizo zilizotengenezwa ili kuishinda runinga, baada ya miaka michache ziliuzwa kwa runinga hiyo hiyo. Septemba 1961 televisheni ya NBC ya Marekani ilianza kipindi chake cha filamu za Jumamosi usiku kwa kuonyesha How to Marry a Millionaire ya mwaka 1953, mojawapo ya filamu za mwanzo za CinemaScope. Ndani yake kuna wanawake watatu nyota wa wakati huo, Marilyn Monroe, Betty Grable na Lauren Bacall, ambao mara nyingi wanakaa au kusimama sambamba. Kioo cha nne kwa tatu hakikuwa na nafasi ya kuwaweka wote watatu kama walivyopangwa.

Fundi anayechagua kwa niaba yako

Dawa iliyopatikana ilikuwa kukata na kuhamisha. Fundi aliketi mbele ya mashine akiwa na dirisha la umbo la runinga, akalisogeza juu ya picha pana, tukio baada ya tukio, akiamua ni nani abaki na ni nani atoke. Watu wawili wakizungumza kila mmoja upande wake, fundi alichagua mmoja, au akakata kwenda na kurudi kana kwamba kulikuwa na kamera mbili. Wakati mwingine alilitembeza dirisha kutoka kwa huyu hadi kwa yule, mwendo wa kamera ambao mwongozaji hakuupiga kamwe.

Hesabu yake si ngumu. Filamu yenye upana wa 2.35 ikijazwa kwenye kioo cha nne kwa tatu, kinachobaki ni asilimia 57 tu ya picha, na asilimia 43 inatupwa. Ile ya 1.85 hubaki na asilimia 72. Ben-Hur hubaki na asilimia 48, yaani zaidi ya nusu imekwenda na farasi wake.

Chukua mfano wa filamu ambayo vibanda vingi vya video vimeionyesha, The Good, the Bad and the Ugly ya mwaka 1966. Mwongozaji wake, Mtaliano Sergio Leone, aliifikisha hadithi kwenye uwanja wa makaburi ambako watu watatu wanasimama pembetatu, kila mmoja akisubiri nani atachomoa bastola kwanza. Leone aliitumia nafasi iliyo kati yao kama silaha ya nne. Katika picha nzima unaona umbali, unaona nani anamtazama nani, unaona mkono unaonyemelea kiunoni wakati adui yuko upande wa pili kabisa. Ikikatwa, unabaki na mtu mmoja anayetazama nje ya kioo, na hujui anatazama nini.

Kanda nyingi za VHS kutoka Marekani zilikuwa na tangazo mwanzoni likimweleza mtazamaji kwamba filamu imebadilishwa kutoka ilivyokuwa ili ienee kwenye kioo chake. Tangazo hilo lilipita kwa sekunde chache tu, wakati wengi wetu tulikuwa bado tunatafuta pa kukaa.

Waongozaji walivyopambana

Si wote walionyamaza. Woody Allen alipiga Manhattan, ya mwaka 1979, kwa picha nyeusi na nyeupe yenye upana wa 2.35, na mpigapicha wake Gordon Willis aliwaacha wahusika wadogo ndani ya jiji kubwa. Allen alishikilia kwamba filamu hiyo isikatwe kwa ajili ya video. Kanda yake ilipotoka katikati ya miaka ya 1980, ilikuwa na umbo lake lote, ikiwa na mistari ya kijivu juu na chini. Wakati huo hilo lilikuwa jambo la ajabu kwa filamu ya kampuni kubwa.

Sydney Pollack alikwenda mbali zaidi. Filamu yake ya mwaka 1975, Three Days of the Condor, iliyochezwa na Robert Redford, ilionyeshwa na televisheni ya Denmark mwaka 1991 ikiwa imekatwa. Pollack akafungua kesi huko huko Denmark, kwa kuwa sheria za nchi nyingi za Ulaya zinampa msanii haki ya heshima ya kazi yake hata kama ameshaiuza. Mahakama ilikubaliana naye katika jambo kubwa, kwamba kukata picha namna ile ni kuiharibu kazi na ni kukiuka haki ya aliyeitengeneza. Hata hivyo, kwa sababu za kiufundi za kisheria, hakushinda kesi. Aliondoka bila ushindi, lakini maneno ya mahakama yalibaki, na hayo ndiyo wapenzi wa filamu wanayoyakumbuka.

Pollack si mgeni kwa Afrika Mashariki. Ndiye aliyeongoza Out of Africa ya mwaka 1985, iliyopigwa nchini Kenya, na pia The Interpreter ya mwaka 2005, ambayo lugha yake ya kubuni, Ku, iliundwa kwa kuchanganya Kiswahili na Kishona. Katika DVD ya filamu hiyo ya pili Pollack aliweka maelezo yake mwenyewe akimwonyesha mtazamaji tofauti kati ya picha nzima na iliyokatwa. Alitumia mali yake mwenyewe kumfundisha mnunuzi.

Lakini soko lilikuwa na sauti kubwa kuliko mahakama. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 makampuni yalikuwa yakitoa filamu moja kwa makasha mawili, moja likiwa na maneno "Widescreen" na jingine "Full Screen". Jina la pili lilikuwa la ujanja wa kibiashara, kwa sababu kilichojaa kilikuwa ni kioo cha runinga, si picha. Mnunuzi asiyejua alichukua lililoandikwa "Full", akiamini kwamba amepata kilicho kamili.

Picha nyingi si lazima iwe picha sahihi

Mpaka hapa mtu anaweza kudhani kwamba kanuni ni nyepesi: anayeona zaidi ndiye aliyeona sahihi. Sivyo, na mfano mzuri unatoka India.

Filamu za Kihindi zimependwa katika miji ya pwani yetu tangu kabla ya uhuru, na ni wachache wasiolijua jina la Gabbar Singh. Sholay ya Ramesh Sippy ilitoka Agosti 15, 1975, ikatangazwa kama filamu ya mkanda mpana wa milimita 70. Kamera za mkanda huo zilikuwa ghali mno, kwa hiyo filamu ilipigwa kwa mkanda wa kawaida wa milimita 35 katika umbo la nne kwa tatu, kisha ikakuzwa na kukatwa juu na chini ili ifikie upana wa 2.2. Yaani upana huo ulitengenezwa kwa kuondoa, si kwa kuongeza. Aliyetazama nakala ya nne kwa tatu nyumbani aliona anga zaidi juu ya vichwa vya Amitabh Bachchan na Dharmendra, na vumbi zaidi miguuni mwao, lakini hakuona picha ambayo Sippy aliipanga kwa kioo kikubwa. Juni 2025 Sholay iliyokarabatiwa na taasisi ya Film Heritage Foundation ilionyeshwa Bologna, Italia, ikiwa na upana wake wa 2.2 na mwisho wake wa awali, ule ambao wakaguzi wa filamu wa India waliukataa mwaka 1975. Umbo na hadithi vilirudishwa kwa pamoja.

Stanley Kubrick naye ameacha fumbo kama hilo. The Shining ya mwaka 1980 ilipigwa kwa fremu ndefu kwenda juu, lakini kwenye majumba ya sinema ilifunikwa juu na chini kama ilivyokuwa kawaida. Ilipotolewa kwa video ilifunuliwa yote, kwa sababu, kwa mujibu wa waliofanya naye kazi, Kubrick hakupenda mistari myeusi kwenye runinga ndogo za wakati ule. Matokeo yake, katika matukio ya mwanzo ambapo gari linapanda milimani, watazamaji wa video wakaona kivuli cha helikopta iliyobeba kamera kikipita chini ya picha. Mtu anayejulikana kwa kurudia tukio mara kadhaa wa kadhaa hadi limridhishe hakukusudia kivuli kile kionekane.

Kubrick alifariki dunia Machi 1999. Miezi michache baadaye filamu zake zilitolewa kwa DVD, kadhaa zikiwa katika umbo la nne kwa tatu. Mwaka 2007 The Shining, Full Metal Jacket na Eyes Wide Shut zikatolewa tena, safari hii kwa umbo pana. Mnunuzi aliyekuwa na makasha yote mawili aliambiwa kwamba yote ni sahihi.

Kasheshe kubwa ikaja mwaka 2011. Barry Lyndon, filamu ya mwaka 1975 ambayo baadhi ya matukio yake yalipigwa kwa mwanga wa mishumaa, ilitolewa kwa Blu-ray katika umbo la 1.78, ambalo ndilo umbo la runinga za kisasa. Leon Vitali, aliyecheza katika filamu hiyo na baadaye akawa msaidizi wa karibu wa Kubrick, alilitetea toleo hilo. Wapenzi wa filamu wakabisha. Mzozo ulikatwa na karatasi. Ilipatikana nakala ya barua ya Desemba 8, 1975, ambayo Kubrick aliwaandikia mafundi wa projekta akiwaeleza kwamba filamu imepigwa kwa 1.66, waionyeshe hivyo, na kwa vyovyote wasizidishe 1.75. Toleo la 2011 lilikuwa limevuka mpaka huo. Mwaka 2017 kampuni ya Criterion ilipoitoa upya, ilifuata 1.66.

Hapo kuna somo kwa yeyote anayefanya biashara kwa kuaminiana. Kumbukumbu ya rafiki mwema inaweza kukosea. Hati iliyoandikwa siku mali inatoka haikosei kirahisi.

Mwenye kazi akibadili mawazo

Lipo swali gumu zaidi. Itakuwaje kama aliyetengeneza filamu mwenyewe ana kauli mbili?

James Cameron alipiga Titanic, ya mwaka 1997, kwa namna iliyoacha akiba ya picha juu na chini ya fremu ya sinema. Ndiyo sababu kanda ya video ya mwaka 1998, ile ya kaseti mbili ambayo wengi wanaikumbuka, haikuwa na hasara kubwa kama filamu nyingine. Fundi aliweza kufungua juu na chini badala ya kukata ubavu tu. Na toleo la 3D la mwaka 2012 lilijaza umbo lote la 16 kwa 9 kwa ridhaa ya Cameron mwenyewe, ingawa toleo la kawaida lilibaki na 2.35. Hapa mwongozaji ametoa ruhusa mbili, na zote ni zake.

Vittorio Storaro, mpigapicha wa Apocalypse Now ya mwaka 1979, alikuja na rai tofauti. Mwaka 1998 alipendekeza filamu zote ziwe na umbo moja la mbili kwa moja, ili sinema na runinga ziache kugombana. Akalitumia pendekezo lake hata kwa kazi za zamani, na Apocalypse Now ikatoka kwa DVD ikiwa imepunguzwa ubavu. Aliyepunguza alikuwa mmoja wa waliotengeneza, lakini waliowahi kuiona sinema walisema kuna kitu kimepotea. Mwaka 2010 Blu-ray iliirudisha kwenye 2.35.

On the Waterfront ya Elia Kazan ilitoka mwaka 1954, wakati ambapo jumba moja lilikuwa limeshabadilisha kioo na jirani yake bado. Criterion ilipoitoa mwaka 2013 haikujifanya inajua zaidi ya waliokuwapo. Iliweka matoleo matatu, 1.33, 1.66 na 1.85, na kumwachia mtazamaji apime mwenyewe. Naye Zack Snyder, mwaka 2021, alitoa Justice League yake ikiwa nne kwa tatu kwenye runinga pana, akisema aliipanga kwa vioo virefu vya IMAX. Safari hii mistari myeusi ikawa kulia na kushoto, na watu wakalalamika vile vile.

Kwa hiyo kusema "umbo alilokusudia mwongozaji" si kutaja namba moja iliyochongwa kwenye jiwe. Ni kuuliza: nani aliamua, lini, na kwa kioo gani? Kinachokataliwa ni uamuzi wa fundi asiyejulikana au kiwanda cha runinga, unaofanywa kimya kimya, halafu mteja akauziwa kana kwamba hakuna kilichoguswa.

Kosa limehamia upande wa pili

Runinga za chogo zimeondoka sebuleni kwa wengi, na runinga bapa za 16 kwa 9, sawa na 1.78, zimechukua nafasi. Mtu angetegemea tatizo liishe. Badala yake limegeuka.

Sasa vinavyokatwa ni vile vya zamani vilivyokuwa na umbo la nne kwa tatu. Novemba 2019 huduma ya Disney+ ilianza kuonyesha katuni za The Simpsons, na misimu yake ya zamani ilikatwa juu na chini ili ijaze runinga mpya. Katika kipindi kimoja wahusika wanatembelea kiwanda cha bia ambako kuna matangi matatu yenye majina tofauti. Utani wote uko juu ya picha: matangi yote matatu yanajazwa na bomba moja. Ilipokatwa, bomba likatoweka, na mzaha juu ya biashara ya udanganyifu ukawa picha ya matangi tu. Watazamaji walipiga kelele, na Mei 2020 Disney+ ikaweka njia ya kuchagua umbo la awali.

Karibu zaidi na sisi, filamu nyingi za Bongo na za Nigeria za miaka ya 2000 zilipigwa kwa kamera za video na kwenda moja kwa moja kwenye kanda na diski, mara nyingi kwa umbo la nne kwa tatu. Hilo ndilo umbo lake la asili. Leo ukizikuta kwenye baa au kwenye basi la safari ndefu, utaona waigizaji wamekuwa wanene kuliko walivyokuwa, nyuso zimepanuka na magari yamekuwa marefu, kwa sababu runinga imelazimishwa kuvuta picha hadi ijae. Wengine hukata vichwa ili kuepuka mistari ya pembeni. Baadhi ya waigizaji wale wameshatangulia mbele ya haki, na filamu hizo ndizo picha zao zilizobaki. Wanastahili kuonekana na sura zao.

Simu nazo zimeongeza yao. Kioo cha simu nyingi za sasa ni kipana kuliko runinga, na ukigusa kwa vidole viwili kupanua, unakuwa umefanya kazi ya fundi yule wa zamani: umekata juu na chini bila kutazama ulichokikata.

Jinsi ya kukagua mzigo

Kwa anayenunua au kuuza, ukaguzi hauhitaji utaalamu.

Kwanza, soma nyuma ya kava. Namba kama 2.35:1, 1.85:1 au 1.33:1 ndiyo umbo la picha iliyomo. Filamu iliyotoka kabla ya mwaka 1953 ikiwa na 1.33 au 1.37 iko sawa. Filamu ya CinemaScope au Panavision yenye 1.33 imekatwa.

Pili, angalia mpangilio wa deki kabla ya kumlaumu aliyekuuzia. Deki nyingi za DVD zina sehemu ya kuchagua aina ya runinga, ikiwa na maandishi 4:3 PS, 4:3 LB na 16:9. PS huruhusu deki ikate ubavu pale diski inapokubali. LB huacha picha nzima na mistari juu na chini, kwa runinga ya chogo. Kwa runinga bapa chagua 16:9. Ukikosea hapo, watu watatokea wembamba na warefu, au wafupi na wanene, na diski itaonekana mbovu wakati haina kosa.

Tatu, shika rimoti ya runinga utafute mahali pa ukubwa wa picha. Maneno kama "Zoom" hukata na "Wide" au "Stretch" mara nyingi huvuta. "Auto" au "Original" ndiyo salama kwa kawaida. Duara ni kipimo kizuri: ukiona tairi la gari au mwezi limekuwa yai, picha imevutwa.

Nne, kwa wanaochukua filamu kwenye flashi, fungua taarifa za faili usome vipimo, kisha gawanya upana kwa kimo. Faili la 1920 kwa 800 linakupa 2.40, kwa hiyo filamu pana iko nzima. Filamu hiyo hiyo ikiwa 1920 kwa 1080 na hakuna mistari myeusi ndani yake, robo ya picha yake huenda imebaki kwingine, au imefunguliwa juu na chini kama Titanic ya 3D. Linganisha na kava halali la filamu hiyo ndipo uamue.

Na mteja akirudi tena na diski, amekunja uso, akisema mistari myeusi imemla picha, muuzaji asikimbilie kubadilisha. Amwekee matoleo mawili, asimamishe tukio moja, ahesabu naye watu waliomo. Kwenye uwanja wa makaburi wa Leone wanatakiwa kuwa watatu.